Mama Kayai Hakukaa Eda

Julai 2015, Mzee Ojwang alipofariki kule Nairobi, jirani yangu aliniita kutoka barazani kwake, ng'ambo ya barabara, akaniuliza: "Mwenzangu, huyu Mama Kayai ataikaa eda kweli, na kazi yake ile ya televisheni?" Hakuwa anatania. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, tumekaa barabara moja hapa Ngamiani tangu watoto wetu wakinyonya, na mambo ya misiba tunaulizana bila haya. Nikamwambia, "Jirani, wale hawakuwa mtu na mkewe. Ilikuwa kazi tu." Akanyamaza kidogo, akarudia kupepeta mchele wake. Kisha akasema, "Haiwezekani. Watu wasiooana hawagombani vile."

Nimelibeba neno lile miaka yote hii, na nilipoombwa na parokia kuandika kuhusu imani na maisha ya ndoa, ndilo lililokuja kwanza, kabla ya aya yoyote ya Maandiko.

Kwa vijana ambao hawakuwaona: Mzee Ojwang Hatari na Mama Kayai walikuwa mume na mke katika Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Kenya. Jina la kweli la mzee ni Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini aliongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo kwa ustadi ambao wengi waliapa ni Mjaluo wa kuzaliwa. Mama Kayai ni Mary Khavere. Waliigiza unyumba huo kwa zaidi ya miaka 20, tangu enzi za Sauti ya Kenya hadi shirika lile lilipobadilishwa jina kuwa KBC mwaka 1989, na baada ya hapo wakaendelea.

Mtu wa Dodoma au Iringa anaweza kujiuliza sisi wa Tanga tulimjuaje Ojwang. Jibu ni jiografia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Lakini huku pwani ya kaskazini, nyumba chache zenye televisheni zilisimamisha antena juu ya bomba refu, ukiielekeza upande wa Pemba unapata Zanzibar, ukiigeuza kaskazini, Mungu akijalia na hewa ikiwa shwari, unapata Mombasa. Kijana mmoja alikuwa juu ya bati anazungusha bomba, mwingine dirishani anapiga kelele: "Bado! Bado! Hapohapo, usiguse!" Picha ilikuja na chengachenga kama mvua ya vuli. Tulikaa mkekani watu wa dini zote na makabila yote, wenye nyumba kwenye viti, watoto mbele, na sisi wasichana tuliokuwa tunakaribia kuolewa tukajibanza nyuma karibu na mlango. Ninavyokumbuka mimi, mlango ule ulikuwa haufungwi. Anayepita barabarani alikuwa anasimama, anacheka, anaendelea na safari yake ya baiskeli.

Sasa hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Tanga inasifiwa kwa mahaba. Wageni wana misemo yao kuhusu mji huu, ule wa waja leo waondoka leo ukiwa maarufu kuliko yote, na maana yake ni kwamba anayekuja haondoki tena. Wanawake wa hapa tunahesabiwa kuwa tumefundwa: udi, asumini, khanga yenye jina lililochaguliwa, chakula kinachomfanya mwanamume asahau njia ya kwao. Mji kama huo ungetegemewa kuwapenda wapenzi wenye mapambo. Badala yake tuliwapenda wazee wawili wasiokuwa na mapambo yoyote. Mzee ana miwani mikubwa na kofia, anajisifu kuliko uwezo wake, anapandisha sauti upesi na kuishusha upesi zaidi mkewe akiingia. Mama ana umbo la mama, kitambaa kichwani, na ulimi. Hawakushikana mikono. Hawakuambiana maneno matamu. Waligombania fedha, wageni, na maneno ya jirani.

Baadaye zilikuja tamthilia za Kimeksiko na za Kifilipino, na sikatai, nazo tulizitazama, nililia kama wengine. Lakini angalia zinavyoishia. Baada ya miezi na miezi ya kutenganishwa, msichana na mvulana wanafika kanisani, kengele inalia, pazia linashuka. Yaani hadithi inaishia palepale Padre anapotuambia ndipo inapoanza. Hakuna aliyetuonyesha wale wawili miaka 15 mbele, mmoja ana kikohozi na mwingine anatafuta funguo.

Nasi Tanga tulikuwa na mchekeshaji wetu, na pengine hakuna aliyempita kwa kuchekesha: King Majuto, Amri Athumani, mtoto wa hapahapa, aliyefariki Agosti 2018. Majuto alikuwa mume katika filamu nyingi sana, na kila mara niliamini ni mume. Ila mke alibadilika. Filamu hii mke huyu, filamu ijayo mke yule. Ndiyo kazi ya filamu, simlaumu, Mungu amrehemu. Lakini Ojwang ukimkuta leo yuko na Mama Kayai, ukirudi baada ya mwaka yuko na Mama Kayai, na wakati watoto wako wamemaliza shule bado yuko na Mama Kayai, na wamezeeka pamoja mbele ya macho yako. Nadhani hapo ndipo jirani yangu alipokamatwa. Ugomvi wao ulikuwa wa watu ambao hawana mpango wa kwenda popote. Mtu anayetaka kuondoka hupima maneno yake, au hukaa kimya kabisa. Mama Kayai hakupima. Alisema lote, akamaliza, akabaki.

Hata jina lile. Hatukumjua kama bibi fulani wa Ojwang, tulimjua kama Mama Kayai, kama ninavyoitwa mimi kwa jina la kifungua mimba wangu, na kama ninavyomwita mume wangu Baba Fulani hata tukiwa wawili tu chumbani. Jina la namna hiyo lina historia ndani yake. Anayelitamka anakubali kwamba kuna jambo limekwisha tokea kati ya watu wawili na haliwezi kurudishwa nyuma.

Kuna siku, nikisoma kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, nilimkumbuka jirani yangu nikacheka peke yangu. Isaka amekimbilia Gerari kwa sababu ya njaa. Anaogopa watu wa mji watamuua ili wamchukue Rebeka, kwa hiyo anasema ni dada yake. Wanakaa hivyo siku nyingi. Kisha mfalme Abimeleki anachungulia dirishani, anamwona Isaka akicheza na Rebeka, na papo hapo anajua. Hakuuliza cheti. Hakumwita shahidi. Aliona namna wanavyochekeshana akasema huyu ni mkewe, akamwita Isaka na kumkaripia. Wanaojua Kiebrania wanatufundisha kwamba neno lililotumika pale ni la mzizi uleule wa jina la Isaka, nalo ni kicheko. Kwa hiyo ndoa ya Isaka ilitambulikana kwa kicheko.

Abimeleki alichungulia dirisha akaona ndoa pale ambapo aliambiwa hakuna. Sisi tulichungulia dirisha la kioo, tukaona ndoa pale ambapo kweli haikuwapo. Mfalme alipata, sisi tulikosea. Lakini alama tuliyoitazama ni ileile moja.

Mimi na mume wangu tumekuwa tukiitwa parokiani kuzungumza na wachumba, kabla ya tangazo la ndoa kusomwa. Wengi wanaogopa kitu kimoja, na si umaskini. Wanaogopa kugombana. Wamekulia kwenye picha za simu, ambamo kila mume analeta maua na kila mke amevaa upya, na siku ya kwanza wanapopandishiana sauti wanadhani wamebahatisha mtu asiye wao. Msichana mmoja alikuja kwangu baada ya mafundisho, macho mekundu, akasema, "Mama, nataka kumwambia Padre asimamishe tangazo." Niliuliza kuna nini. Walikuwa wamebishana juu ya kodi ya chumba cha mama mkwe: mchumba wake anailipa kila mwezi, hakumwambia, naye akaigundua. Siku tatu hawajazungumza. Akaniambia, "Kama sasa hivi tuko hivi, itakuwaje mbele?"

Nilimwuliza kwanza kama kijana amewahi kumwinulia mkono. Naliuliza swali hili kwa kila binti, na sitaacha, kwa sababu najua vichekesho vina hatari yake. Mtu anaweza kuona wazee wawili wanapigizana kelele kwenye televisheni, watu wanacheka, akafikiri na kofi ni sehemu ya mchezo. Kofi si sehemu ya mchezo. Binti akipigwa simtumii Ojwang kumtuliza, namwambia aondoke, na asimame mbali, na Padre atamsikiliza kutoka huko alikosimama. Huyu akasema hapana, hajawahi hata kumtukana. Ndipo nikamwuliza, "Sasa, katika kubishana kwenu, kuna aliyecheka?" Akaniona mama huyu ana lake jambo. Akafikiri, akasema, "Yeye alicheka kidogo, nikazidi kukasirika." Nikamwambia aende kwanza wakaongee hiyo kodi, kwa sababu mtu anayemlipia mama yake chumba kimyakimya ana kasoro ya kimya, si ya moyo. Tangazo lilisomwa. Wana watoto 2 sasa, na bado wanabishana, nawasikia Jumapili wakitoka kanisani.

Mwaka uleule aliofariki Ojwang, mwezi Septemba, Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa Philadelphia, Marekani, kwenye mkutano wa familia za dunia nzima. Aliacha hotuba iliyoandikwa akazungumza kwa mdomo. Alisema kwamba katika familia watu hugombana, na mara nyingine hata sahani zinaruka, na watoto wanaumiza kichwa, na kuhusu mama wakwe akasema bora anyamaze. Watu wakacheka. Kisha akawaomba wasiache siku iishe bila kupatana. Padre wetu alipotusimulia habari ile nilimtazama mume wangu, naye alikuwa ananitazama. Sahani hatujarusha, ni ghali. Lakini tulijua anazungumzia nyumba kama yetu.

Kanisa letu linafundisha kwamba sakramenti ya ndoa hutolewa na wanandoa wenyewe, mmoja kwa mwenzake. Padre ni shahidi kwa niaba ya Kanisa. Niliposikia hivyo mara ya kwanza sikulitilia maanani. Siku hizi nalifikiri sana. Padre hubariki mara moja, anakula pilau, anarudi nyumbani kwake. Wanaobaki na sakramenti ni hawa wawili, jikoni, na mkaa uliolowa.

Sasa niseme la kwangu.

Mume wangu ni fundi seremala. Nusu ya milango ya barabara yetu ameichonga yeye. Miaka kadhaa iliyopita alianza kugonga kona za meza, tukadhani ni uzee. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula pembeni kwanza, kimya, bila maumivu, hadi mtu anabaki na tundu dogo la kuonea kama anachungulia kwenye bomba. Waganga wakatuambia ukweli: dawa inazuia, hairudishi kilichopotea. Leo anaona mwanga na kivuli. Randa zake nimezifunga kwenye gunia na mafuta zisishike kutu, ameniambia nisiziuze, sijaziuza.

Wakati huo nilisoma kwamba Ojwang mwenyewe, miaka yake ya mwisho, macho yalimsumbua sana hata watu wakachangishana apate matibabu. Sikumwambia mume wangu. Nilisubiri mpaka nikajua namna ya kumwambia, naye aliposikia akasema tu, "Kumbe ndiyo maana ya miwani ile."

Mimi nikaanza kupika vitumbua na mkate wa kumimina, wa kuuza asubuhi na wa oda za shughuli. Mwanamume ambaye maisha yake yote ndiye aliyetoa fedha ya matumizi, kukaa sasa kitini na kusikia sarafu zikihesabiwa na mkewe, hilo ni jeraha lingine, na halina dawa ya matone. Alianza kuniuliza kila kitu. Umetoka wapi? Umeuza ngapi? Sauti ya nani ile? Nilijibu, nikachoka kujibu, nikajibu tena.

Siku moja nilipeleka oda kubwa kwenye arusi ya barabara za juu. Mama mwenye shughuli alifurahi, akanilipa yote, na juu ya malipo akanipakilia kiroba cha mchele. Nilipokitua ukumbini mume wangu alisikia kishindo. "Nini hicho?" Mchele. "Wa nani?" Wetu. "Umetoka wapi?" Nikamwambia nimepewa. Akasema, kwa sauti ambayo sikuipenda hata kidogo, "Watu hawatoi mchele bure. Rudisha."

Aliye na Biblia yenye kitabu cha Tobiti aende sura ya 2. Nami nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi bila kuijua. Tobiti, mcha Mungu wa Ninawi, anayezika wafu kwa hatari ya maisha yake, amepofuka kwa mavi ya shomoro. Mkewe Ana anafuma nguo za watu kwa ujira. Siku moja waajiri wanamlipa, na juu ya ujira wanampa mwana-mbuzi. Mbuzi analia, Tobiti anasikia, anauliza ametoka wapi, anamshuku mkewe kwamba ameiba, anaamuru arudishwe. Ana anamjibu kwa ukali: ziko wapi sasa sadaka zako na matendo yako mema? Basi. Maandiko yanaacha ugomvi ule ukae pale, wazi, katika kitabu kitakatifu, bila mtu kuufunika kwa khanga. Mzee anatoka pale akamwomba Mungu afe. Na baadaye, mtoto wao Tobia anapochelewa safarini, wanabishana tena, Tobiti akisema mtoto yu mzima na Ana akimwambia anyamaze. Lakini kila siku mama yule yuko njiani anatazama upande aliokwendea mwanawe, na mtoto anapotokea, mzee anajikongoja kuelekea mlangoni, anajikwaa.

Mimi nilimjibu mume wangu kama Ana, na sijutii. Nilimwambia milango aliyochonga bure kwa wajane wa mtaa huu ilikuwa ya bure kweli, kwa nini mchele wangu usiwe? Sikurudisha. Mchana ule hatukusemezana. Nilipika vitumbua vya kesho kwa mikono inayotetemeka.

Jioni kijana wetu alikuja kutuamkia. Akaona nyumba imenuna, hakuuliza. Akatoa simu, akatafuta Vitimbi vya zamani, akaiweka juu ya stuli karibu na baba yake. Mume wangu hufuata kwa masikio tu, na anapokosa kuelewa huniuliza, "Sasa amefanya nini?" nami humweleza amevua kofia, ameketi, ameficha kitu nyuma. Siku ile hakuniuliza. Nami sikusema. Tukakaa tunasikiliza. Mama Kayai akaanza kumpandishia mzee wake, sauti inapanda, Ojwang anajitetea, anajikwaa katika Kiswahili chake, anajisifu, anashindwa. Nikaona mabega ya mume wangu yanatikisika. Anajizuia. Kisha akasema, bila kugeuza uso, "Huyo ni wewe."

Nikasema, "Na huyo mjinga mwingine je?"

Akacheka hadi akashika ubavu. Mimi nami. Kijana wetu alitutazama, akainuka akaenda kuchota maji, nadhani kwa aibu ya kuwaona wazazi wake hivyo.

Mchele ule tulikula siku nne. Siku ya tano, nikiwa nakoroga uji, mume wangu akaniuliza kutoka kitini kwake kama yule mama wa barabara za juu hana binti mwingine wa kuozesha.